Kope ya mama imepanda

Leo mama amemaliza chapati nzima bila kushikilia taya kwa mkono. Nimeenda jikoni nikalia.

Karibu mwaka mzima, kila akitoka soko la Gikomba jioni, kope ya jicho la kushoto ilikuwa imeshaanguka, sauti inatokea puani, chai inampalia. Asubuhi yuko sawa kabisa. Zahanati ya kwanza walisema ni uchovu, wakampa vitamini. Uchovu gani huo wa jicho moja?

Ni ugonjwa wa miasthenia gravisi. Kinga ya mwili wake inashambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuambia msuli ujikaze. Halafu kuna kimeng'enya, asetilikolinesterasi, kinachoivunja kemikali hiyo upesi sana. Kwako na kwangu ni sawa tu. Kwa mama, ujumbe ulikuwa unafutwa kabla msuli haujausikia vizuri. Dawa yake, piridostigmini, inakizuia kimeng'enya hicho, asetilikolini inakaa muda zaidi. Alipoimeza nilikaa mbele yake na saa mkononi: dakika 40, kope ikapanda polepole kama pazia.

Daktari Mary Walker aliliona jambo hilohilo Uingereza mwaka 1934, akitumia fizostigmini, dawa inayozuia kimeng'enya hichohicho.

Dawa ya mama haiponyi, na tumbo linamsokota. Tena hatuthubutu kuzidisha, maana baadhi ya dawa za kuua wadudu shambani hudhuru watu kwa kuzuia kimeng'enya hichohicho.

Dozi inayofuata ni saa mbili usiku. Nimeweka kengele kwenye simu, na yeye ameniomba chapati nyingine.