Nilivyosajili dei kea yangu Dodoma bila kishoka, na mafunzo yaliyonibeba

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuona akina mama wenzangu wanadanganywa. Unamsikia mtu anasema kufungua dei kea ni kupaka ukuta katuni, kununua bembea, kutafuta binti mmoja wa kushinda na watoto, basi, hela inaingia. Kituo changu kipo Nzuguni hapa Dodoma, kimesajiliwa, cheti kipo ukutani pale mlangoni kila mzazi akiingia anakiona, na sikutoa hata hela ya soda kwa mtu. Najivunia hilo na sioni haya kulisema.

Ushauri niliopewa wakati naanza, jamani! Mmoja aliniambia we anza tu, usajili utaukuta mbele ya safari, wakija wakaguzi mnaongea kiutu uzima. Mwingine ana kishoka wake, mtu wa kati wa njia za panya, laki tatu na kitu unaletewa cheti umekaa nyumbani. Halafu ndugu yangu wa damu kabisa, huyu ndo aliniudhi zaidi: "Dada, wewe umelea wanne na wote wamekua, mafunzo ya nini tena?" Kulea wanne wako waliopishana miaka ni kitu kimoja. Kushinda na watoto wa watu wenye miaka miwili mitatu wote kwa mpigo, huyu ana pumu, yule hali mpaka abembelezwe, na mama zao wapo ofisini Mtumba hawatoki mpaka saa tisa na nusu, hiyo ni kazi nyingine na ina elimu yake.

Kwanza mjue vituo hivi viko chini ya nani, maana wengi wanapoteza nauli hapa, wanaenda idara ya elimu. Dei kea sio shule ya awali. Shule ya awali ni ya watu wa elimu, ina mtaala na walimu wake. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni cha Ustawi wa Jamii, zamani kilikuwa na sheria yake ya mwaka 1981, siku hizi kimo ndani ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake, na usajili unatoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Ila huendi kwa Kamishna eti kwa sababu tunaishi Dodoma na wizara ipo pale Mji wa Serikali. Unaanza kwa afisa ustawi wa kata au wa jiji. Na uende kabla hujalipa kodi ya nyumba, hili nalirudia kwa kila anayeniuliza, kabla hujalipa kodi.

Maana nyumba ya kwanza niliyoipata ilikuwa Nkuhungu. Kubwa, ina uzio, geti, mwembe uwani, imepakwa rangi mpya, kodi ya kawaida tu. Ilikuwa mwezi wa tisa, na Dodoma mnaijua mwezi wa tisa, vumbi mpaka kwenye meno. Dalali ananisukuma nilipe miezi sita leo leo kuna mtu mwingine anaitaka. Nikamwomba afisa ustawi, dada mmoja mtulivu sana, aje aione kwanza, akaja na bwana afya. Yule baba hata ndani hakuingia. Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akakwangua ile rangi mpya kwa ufunguo wa pikipiki yake. Chini yake ukaonekana mstari wa kahawia, akasogea mbele akakwangua tena, mstari uko pale pale, umepita ukuta mzima, usawa wa goti langu. Akamgeukia dalali, "Kaka, masika maji yanakaa hapa siku ngapi?" Dalali akaanza kuangalia simu. Goti langu mimi ni kiuno cha mtoto wa miaka miwili! Na choo cha shimo kipo hatua chache tu kutoka hapo, kwa hiyo maji yakijaa yanaingia ndani na kila kitu chake. Ningelipa ile hela nisingeipata tena. Nikahamia Nzuguni, nyumba ipo juu kidogo, kodi ikapanda lakini roho imetulia.

Barua ya mtaa, TIN, leseni, zimamoto kuja kuangalia mitungi na njia ya kutokea, hayo ni ya kawaida utayafuata tu, ukienda asubuhi na mapema hayasumbui.

Mafunzo sasa. Kuna sehemu zinatoa cheti cha malezi kwa wiki mbili na picha ya joho juu. Rafiki yangu alilipa, siku ya ukaguzi cheti kikawekwa pembeni, hakitambuliki, ada imeenda. Kabla hujalipa popote chukua jina la chuo mpelekee afisa ustawi, muulize cheti chao mnakipokea au hamkipokei, anakujibu hapo hapo na ni bure. Kuna wanaokwenda mpaka Kisangara kule Mwanga, mimi nina familia nikasoma hapa hapa kwa kwenda na kurudi, ada na mazoezi ya vitendo jumla kama laki nane tisa hivi, nililipa kidogo kidogo.

Ndani ya mafunzo ndo nikaelewa kwa nini serikali inasumbua. Kuna ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ilizinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021, inamwangalia mtoto kuanzia tumboni mpaka miaka 8, na inadai vitu vitano viende pamoja: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Mwitikio maana yake mtoto akilia, akinyoosha kidole, akisema neno lisiloeleweka, mlezi anamjibu, anamwangalia usoni. Sio kuwakalisha mbele ya tivii toka asubuhi huku binti anachati.

Kwenye lishe nilipata kitu ambacho peke yake kinarudisha ada yote. Mnaujua ule unga wa lishe wa kurundika mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, unasagwa debe zima unakaa stoo mwezi. Mkufunzi aliupinga kwa nguvu zote. Mahindi na karanga zikikaa na unyevu zinaota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu yenyewe ukichemsha haitoki. Sisi wa kanda hii hatuhitaji kuhadithiwa, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa hiyo hiyo sumukuvu. Kwa hiyo mahindi yangu nachambua mwenyewe, punje iliyopasuka au yenye rangi naitupa, nasaga kidogo, na karanga zinakaa mbali, zinasagwa za siku chache na kuingia kwenye uji wakati wa kupika. Karanga nzima haiguswi na mtoto kituoni kwangu, inakaba.

Sasa maji, na hapa ndo ninapojisikia vizuri zaidi. Bwana afya alitaka watoto wanawe kwa maji tiririka na kila mtoto afikie mwenyewe. Fundi akaja na hesabu ya masinki madogo ya ukutani na bomba, kama laki sita. Lakini mtaani kwetu maji ni ya mgao, kuna siku bomba linatoa upepo, sinki la laki sita lingebaki pambo. Fundi mwingine akasema ndoo yenye koki, nikaijaribu, mtoto wa miaka mitatu anafungua koki hafungi, saa nne asubuhi ndoo imekauka na sakafu ni bwawa. Nikakumbuka kibuyu chirizi tulichofundishwa chuoni. Nikachukua madumu ya mafuta ya lita tano, nikatoboa tundu moja dogo kwa msumari wa moto karibu na mdomo, nikayaning'iniza kwenye mti uliolazwa juu, kila dumu kamba imeshuka chini imefungwa kijiti. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachuruzika kidogo, akiachia linarudi lenyewe. Hakuna koki ya kusahau. Sabuni ipo ndani ya kipande cha neti ya vitunguu, inaning'inia pembeni, haidondoki mchangani. Madumu nimeyaweka kwa vimo tofauti, wadogo kwao na wakubwa kwao, chini kokoto ili pasiwe na tope. Gharama yote haikufika elfu thelathini. Watoto wanapigania kunawa! Na wananawa uso pia, hilo nimelisisitiza mimi, kwa sababu mkoa wetu una historia ya trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha, Kongwa wataalamu wamehangaika nayo miaka mingi, na uso mchafu wenye inzi ndo njia yake. Bwana afya alipokuja alikanyaga kijiti mwenyewe, akanawa, akapiga picha.

Walezi ninao wawili. Mmoja binti wa cheti kama mimi. Mwingine ni mama mtu mzima, watoto wanamwita bibi, huyu ni msaidizi, nilimpeleka semina ya ustawi na jioni tukawa tunasoma wote madaftari yangu. Watu wakasema unapoteza muda na mtu mzima. Siku ya ukaguzi yule dada wa ustawi hakuniuliza mimi, alimgeukia bibi: "Mama, shikamoo. Mtoto akikabwa hapa, hatoi sauti, utafanyaje?" Bibi akaitikia marahaba, akachukua mwanasesere wa matambara, akakaa, akamlaza kifudifudi mapajani, kichwa kimeshuka chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, moja, mbili, mpaka tano, kila pigo anachungulia mdomoni kama kimetoka. Halafu akasema, "Na huyu binti muda huo anapiga simu." Nilitaka kulia. Baadaye akaulizwa kuhusu viboko, akajibu Sheria ya Mtoto hairuhusu kumtesa mtoto na hapa fimbo hakuna, na tukiona mtoto ana alama za kupigwa nyumbani hatunyamazi, tunatoa taarifa, namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, imebandikwa jikoni. Hayo hayapatikani kwa kishoka wa laki tatu.

Changamoto kubwa iliyobaki ni wazazi wenyewe. Baba anakuja amevimba, mtoto ana miaka mitatu na hana daftari, jirani yake kule kwingine ameshaandika a e i o u. Mimi namkaribisha ndani akae nusu saa aangalie. Mtoto anapanga vizibo vya soda kwa rangi, anahesabu vibunzi, anachota mchanga anapima kikopo, mikono yake inapata nguvu ya kuja kushika penseli. Zana zote za kufaragua, karibu hakuna niliyonunua. Wengi wanaelewa, wachache wamehamisha watoto na nimewaacha waende kwa amani, siwezi kumkalisha mtoto wa miaka mitatu kwenye dawati ili nipate ada.

Lingine ni bodaboda. Mama anapiga simu, nampeleka bodaboda amchukue mwanangu, nimemwamini. Daftari langu lina picha na sahihi za wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, asiyekuwepo hapewi. Mama mmoja alinitukana kwenye simu mbele ya yule kijana, nikamwambia mama samahani, mtoto anakula, yupo salama, nakusubiri hata mpaka saa mbili usiku. Akaja saa kumi na mbili amenuna. Kesho yake akaleta picha ya mdogo wake ibandikwe.

Siku ya kuandikisha usiache kuomba kadi ya kliniki. Chanjo ya surua rubella ni miezi 9 na inarudiwa miezi 18, hiyo ya pili ndo wazazi wanaisahau, nikikuta hakuna namrudisha zahanati kwanza. Vitamini A na dawa za minyoo zikitolewa, Juni na Desemba, nawakumbusha wote.

Ukishasajiliwa usidhani umemaliza, afisa anakuja bila taarifa na ndivyo inavyotakiwa. Juzi juzi alikuja saa tano, watoto wanakunywa uji, akakagua daftari, akaenda stoo, akaandika dirisha la stoo liwekwe wavu wa panya. Fundi anakuja Jumamosi.