Usioshe kima: nilivyompikia mzee wangu chakula cha kambini

Huu ni mwaka wangu wa sita nikitunza wazee hapa Tacoma, jimbo la Washington, na hakuna chakula kilichonihangaisha kama kima ya ng'ombe, yaani nyama ya kusaga, iliyopikwa kwa maziwa ikamwagwa juu ya mkate. Ukitajiwa hivyo utasema ni kazi ya dakika kumi. Kwangu ilichukua majuma matatu, kwa sababu kila niliyemuuliza alinipoteza njia, na naandika haya ili mwingine asipotezwe.

Mzee ninayemtunza aliingia jeshini 1967, akafunzwa hapa hapa jirani, Fort Lewis, kisha akapelekwa Vietnam. Msimu wa baridi uliopita alitoka hospitali akawa hataki kula. Supu anairudisha, uji wa shayiri anaukoroga tu mpaka unapoa. Asubuhi moja akaniambia anachotamani ni kile walichopakuliwa alfajiri kwenye bwalo la kambi: nyama ya kusaga ndani ya mchuzi mweupe, juu ya slesi kavu. Wanajeshi wa Marekani wanakiita S.O.S. Herufi ya kwanza ni ya neno la chooni ambalo siliandiki. Ya mwisho ni kigae cha kuezekea nyumba, yaani ule mkate. Jina ni la matusi, lakini mzee alilitaja machozi yakimlengalenga, nami nikajua lazima nikipike.

Nilianza na kitabu. Kuna mwongozo wa wapishi wa jeshi la Marekani wa 1910, na upishi wenyewe umo, wa kulisha watu 60: ratili 15 za nyama, ratili moja ya mafuta, siagi ikipatikana, unga ratili moja na robo, makopo mawili ya maziwa mazito, pilipili manga, na supu ya nyama kwa wingi. Angalia hapo, makopo mawili tu kwa watu 60, mchuzi wenyewe ni supu zaidi kuliko maziwa! Ila nyama yao ni ile kavu ya chumvi, iliyochanjwa nyembamba kama karatasi. Nikainunua ya chupa. Mzee akaonja, akasukuma sahani taratibu, akasema, "Hiki ni cha baba yangu. Sisi tulipewa ya kusaga." Kitabu nikakifunga, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu jibu lilikuwa ndani yake.

Nikamtumia khalati yangu wa Mombasa ujumbe wa sauti. Khalati anapika pilau ya harusi ya watu 300, nani angemtilia shaka? Akanijibu kwa dakika nne nzima: kima ioshe maji matatu mpaka yatoke meupe, kausha, tia thomu na tangawizi, maana nyama ya Wazungu ina harufu. Nikafanya vile vile alivyosema. Nikaweka kima kwenye chujio chini ya bomba, na mafuta yakaanza kuondoka mbele ya macho yangu, chembe nyeupe zikiteleza ukutani mwa sinki na kuganda. Nyama ikabaki rangi ya waridi hafifu, imetengana punje punje, imelowa. Kwenye kikaango haikukaangika hata kidogo. Ilitoa maji, ikachemka ndani ya maji yake mwenyewe, ikawa ya kijivu na ngumu kama vipande vya raba. Unga niliounyunyiza haukupata mafuta ya kushikamana nayo, ukajifunga madonge, meupe kwa ndani. Halafu nikamwaga maziwa juu ya tangawizi mbichi. Sote tumeona chai ikikatika mtu akitia tangawizi vibaya, sivyo? Maziwa yalikatika vile vile, mabonge juu, maji chini. Mzee wangu ana adabu, alikula vijiko viwili na kunishukuru. Nilimwaga yaliyobaki wakati amelala.

Khalati nampenda na pilau yake haina mfano, lakini kima ya chakula hiki haioshwi. Kuiosha hakuondoi vijidudu, moto ndio unaoviua. Maji yanavirusha tu kwenye sinki na meza. Na mafuta unayoyatupa ndiyo mchuzi wenyewe.

Mwenzangu mmoja kazini akaniambia nikoroge unga kwa maji baridi kisha nimimine, kama uji. Madonge hayakuwepo, nakubali, ila ladha ilikuwa ya unga mbichi na mchuzi unang'aa kama gundi. Mwingine akasema nifungue tu kopo la supu ya uyoga. Huyo sikumjibu.

Usiku nikarudi kwenye upishi wa 1910, nikausoma neno kwa neno. Pale kwenye unga wameandika: ukaangwe kwenye mafuta. Maneno mawili matatu, na nilikuwa nimeyapita mbio. Unga haupiti kwenye maji wala maziwa kwanza, unapita kwenye mafuta. Ni kama tambi za sukari, huzitii maji kabla hazijageuka rangi kwenye samli.

Kesho yake nikaenda kwa muuza nyama wa halali, nikamwambia ratili moja, aisage pamoja na mafuta yake, kama sehemu nne nyama na moja mafuta. Alinitazama, maana wateja wake wengi wanataka ya mnofu mtupu. Ilikuwa dola saba au nane hivi.

Kikaango kikipata moto weka kima bila mafuta mengine, ibonyeze, halafu usiiguse mpaka chini iwe kahawia. Hapo ndipo uivunje kwa mwiko, uivunje kweli kweli, pasibaki bonge linalozidi punje ya njegere. Tia nusu kitunguu kilichokatwa ndogo ndogo. Mafuta usimwage! Nyunyiza unga wa ngano vijiko vikubwa vinne, kwa mkono, huku mkono wa pili unakoroga, mpaka usione weupe popote na nyama ianze kukamata chini ya kikaango. Niliacha dakika mbili hivi, mpaka harufu ya unga ikageuka ya karanga zinazokaangwa. Ndipo nikatia maziwa kikombe kimoja, nikakoroga, kikamezwa chote. Cha pili nacho kikamezwa. Nusu kikombe cha mwisho kikaulainisha. Kipimo changu ni kuburuta mwiko katikati: njia ikibaki wazi kitambo kidogo kisha ikajifunga yenyewe, zima jiko. Ikijifunga mara moja bado mwepesi, isipojifunga ongeza maziwa.

Pilipili manga tia nyingi, isagwe papo hapo, kwa sababu ndiyo kiungo chenyewe. Chumvi mwisho, mchuzi ukishakaa. Thomu, bizari, tangawizi, viache kabatini. Najua mkono wa mtu wa pwani unavyowasha hapo, lakini mzee hakuomba mchuzi wa Mombasa. Wale wa jeshi la majini wana chao chenye nyanya na kungumanga, na mzee wangu hataki hata kukisikia.

Slesi nilizibanika mpaka zikagonga sahani kwa sauti, kwa sababu mkate laini unayeyuka chini ya mchuzi. Nikamwagia mbele yake. Alikata kwa ubavu wa uma, akala, akanyamaza. Alimaliza slesi mbili, akapangusa sahani kwa ganda la ya tatu, kisha akanionyesha kiti. Nilikaa nikala naye, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinisimulia baridi ya foleni ya alfajiri Fort Lewis, mvua ikinyesha juu ya trei za chuma.

Sasa nampikia kila Jumamosi. Kikilala kwenye friji hushikana kama ugali. Ongeza maziwa nusu kikombe, koroga kwa moto mdogo, kitarudi. Mkate ndio usiubanike mapema.