Siku moja ya muosha chupa

Mtaani kwetu Likoni wanajua kazi yangu ni kuosha chupa shuleni. Sikatai, mimi fundi wa maabara, chupa naosha. Lakini Jumanne iliyopita ilikuwa hivi.

Saa 11 alfajiri, feri. Saa 1, nafungua maabara, nahesabu neli za kioo.

Saa 2 naandaa jaribio la kidato cha tatu: kuvunja molekuli za mafuta. Pamba ya madini nailowesha parafini (ile ya duka la dawa, si mafuta ya taa), naisukuma hadi kitako cha neli. Katikati naweka vigae vya chungu, ndivyo kichocheo. Vikipata moto sawasawa, mvuke ukivipitia, molekuli ndefu zinakatika. Gesi inapita kwenye mpira hadi majini, inakusanywa kwenye neli nyingine. Dekeni yenye kaboni 10 yaweza kutoa okteni, jamaa ya petroli, na gesi ya etheni.

Saa 4 wanafunzi 46 ndani. Mtungi wa gesi nauombea pesa tangu mwezi jana. Mhasibu wimbo wake ni "subiri kidogo, fundi". Basi mapovu yakaanza vizuri. Neli ya kwanza nikaimwaga, hiyo hewa tu. Ya pili imefika nusu, moto ukanywea. Neli ya motoni ikipoa huvuta maji, kwa hiyo mpira lazima utoke majini mapema. "Toa mpira!" Kijana ananikodolea macho. Maji yakapanda, yakagusa kioo cha moto: kach! Kilichovunjika ni kioo, si mafuta. Darasa kicheko, mwalimu ananitazama kana kwamba gesi niliinywa mimi.

Nikakimbilia jikoni kuazima mtungi. "Mwanangu, na chai ya walimu utaichemsha wewe?" Nikamwapia mama wa jikoni nusu saa.

Safari hii mpira niliushika mwenyewe. Maji ya bromini, rangi ya chungwa, nikayatikisa na gesi. Rangi ikapotea, dalili ya etheni. Kimya.

Mwalimu keshatoka, mmoja akauliza, "Fundi, ndivyo walivyofanya Changamwe?" Hapana, nikamwambia. Kiwanda kile cha Mombasa, kilichoanza 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi 2013, hakikuwa na mtambo wa kuvunja mafuta mazito. Ndiyo maana kilibakiwa na mengi ya kuchoma kwenye matanuri, petroli kidogo.

Mchana sijui uliishaje. Masizi ya neli hayasikii sabuni. Bado nasugua, mlangoni hodi: mama wa jikoni, anataka mtungi wake.