Mtambo wangu wa bia wa deli na ndoo

Mitambo ya kupikia bia nyumbani inayouzwa mtandaoni inang'aa, sikatai, ila mingine ina bei ya pikipiki. Wangu umekaa jikoni Tabata, na karibu kila kipande nimekipata kwa fundi bomba, fundi friji au muuza chipsi.

Kimea naloweka kwenye deli, lile lile la wauza maji baridi. Linalozuia baridi isitoke linazuia na joto. Namwaga maji ya moto na kimea chenyewe, yaani shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa na kuparazwa, nafunga kwa nyuzi 66, na baada ya saa nzima zimeshuka moja au mbili tu. Ndani ya saa hiyo wanga unageuka sukari. Ukipitiliza ukakaribia 80, umepika uji. Ndiyo maana kwenye kipimajoto sibani hela.

Chujio la kubakiza makapi ndani ya deli ni hozi fupi ya sinki, yenye wavu wa stenlesi kwa nje. Kata ncha zote mbili kwa msumeno wa chuma, kamata mpira wa ndani kwa koleo, vuta huku unausukuma wavu ujikunje kurudi nyuma. Mpira unatoka mzima kama utumbo wa kuku. Ncha moja ya wavu ikunje uibane, nyingine ifunge kwenye koki ya nusu inchi badala ya kile kikoki cha plastiki cha deli. Weka vipete vya mpira (washa) ndani na nje ya koki, la sivyo utapiga deki ya sukari.

Ndoo ya kuchachushia ni ya mafuta ya kula, lita 20. Ya rangi sitaki hata kuisikia. Isugue kwa maji ya moto na sabuni mpaka ukipitisha kidole kilie, maana mafuta kidogo tu yanaua povu la bia. Toboa mfuniko, pitisha mpira mpya wa dripu kutoka duka la dawa, ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka, hewa haitaingia.

Kinachotesa Dar ni kuyapoza yale maji ya sukari yakishachujwa na kuchemshwa, kabla ya kutia hamira. Nilimwomba fundi friji paipu ya kopa, nikaizungusha kwenye mtungi mdogo wa gesi ikawa springi; naizamisha kwenye sufuria, maji ya bomba yanapita ndani yake. Lakini maji ya tangi la juu mchana unaweza kumwogeshea mtoto mchanga! Springi inanifikisha thelathini na kitu. Kutoka hapo ni barafu. Hata ndoo yenyewe inakaa kwenye beseni, imevikwa taulo bichi, na chupa za maji yaliyoganda nabadilisha asubuhi na usiku. Hamira ninayotumia inataka nyuzi 18 hadi 22. Ikiona joto la huku, bia inanuka rangi ya kucha. Mama yangu kule Kibosho, Kilimanjaro, ananicheka. Mbege yake, bia ya ndizi, haijawahi kuhitaji barafu, mlima unampozea.

Kopa ndiyo iliyokula hela nyingi. Kwa lita kumi waweza kuiacha kabisa: zamisha sufuria kwenye beseni la barafu, koroga, funika.