Siku ya 21

Mwaka 2019 nilikuwa na kaunta buku ambayo haikuwa ya shule. Ukurasa wa mwisho nilichora jedwali la madaktari watatu, na mbele ya kila mmoja nikaweka alama juu ya kumi. Ualimu ukikuingia ndiyo basi tena. Mume wangu alipoliona jedwali lile aliuliza kama wa mwisho atarudia darasa.

Ndoa yetu ilikuwa na miaka minne, na mtoto hakuna. Yeye alihamia Dodoma pamoja na wizara yake, mimi nikaomba uhamisho nikamfuata, tukapanga Ihumwa. Wifi yangu alikuwa ananitumia kwa basi unga wa mizizi wa kusafisha kizazi; nilikuwa naumwaga chooni, kisha nampigia simu kumshukuru. Kizazi si sufuria hata kisuguliwe. Dada yangu naye alisema tuache kuzungukazunguka, twende Dar tukapandikize mimba.

Daktari wa kwanza nilimpa 8. Kwake kulikuwa na vigae vinavyong'aa, maji ya baridi ya kunywa, na ukuta mzima wa picha za mapacha. Tulihangaika naye mwaka mzima. Alinipima damu siku ya 21 ya mzunguko, akasema mayai hayapevuki, akaniandikia klomifeni, dawa ya kupevusha mayai: siku 5 kila mwezi, kwa miezi sita. Joto lilikuwa linanipanda katikati ya kipindi cha hesabu nikawa najipepea kwa madaftari ya watoto. Mume wangu hakuulizwa hata jina.

Wa pili sikufika mbele yake. Dada wa mapokezi alitaka kwanza tulipie matibabu ya miezi mitatu yote. Nikamuuliza, je, isiposhika? "Mama, weka imani." Nikaandika 3.

Wa tatu nilitajiwa na mwalimu mkuu wangu. Mama mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Nje palikuwa na benchi la mbao na ule upepo wa Julai wa Dodoma unaokujaza vumbi hadi kwenye kope. Nilikaa saa tatu. Nikampa 4 kabla sijaingia.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwalimu." Alikuwa ameona chaki kwenye vidole vyangu. "Nipe karatasi zako zote, hata zile ulizochoka nazo."

Alizisoma moja moja, kimya. Nilizoea madaktari wanaozisukuma pembeni na kuanza upya na kipimo chao. Huyu aliinua kichwa akauliza jambo moja tu.

"Mzunguko wako ni wa siku ngapi?"

"35. Mara nyingine 34."

"Aliyekupima siku ya 21 alikuuliza hilo?"

Nikatafuta kichwani mwaka mzima. Hakuniuliza.

Akachomoa kalenda ya ukutani akaiweka mezani. Homoni iliyopimwa kwenye ile damu yangu, alisema, inapanda baada ya yai kutoka, na inafika juu kabisa kama wiki moja kabla ya hedhi. Mwanamke wa siku 28 ukimpima siku ya 21 umempatia. Mimi wa siku 35 nilipaswa kupimwa siku ya 28. "Hiyo 21 yako, yai huenda ndiyo kwanza linatoka. Ni kama kufunua chungu cha makande baada ya nusu saa, useme maharage haya hayaivi." Hakusema kwamba napevusha. Alisema kipimo kile hakikuweza kujua.

Nikafungua kaunta buku kwa maswali yangu. Je, anapandikiza? "Sipandikizi, vifaa sina. Anayefikia huko namwandikia barua ya Dar, na namtajia gharama zote kabla hajauza ng'ombe." Halafu akauliza yeye: "Mwenzako yuko wapi? Mimi simtibu mtu nusu."

Ndivyo mume wangu alivyoingia kwenye hadithi hii. Maelezo yalikuwa mafupi: siku tatu bila tendo, kisha mbegu zifike maabara ndani ya saa moja, kikopo kikae karibu na mwili kisipoe. Choo cha pale kliniki alikikataa katakata. Alisema nyumbani, na bajaji atakodi.

Mimi nilitangulia. Saa tatu kasorobo simu ikaita.

"Tumesimamishwa Nanenane. Kuna mkubwa anapita."

Kama unaishi Dodoma huhitaji maelezo. Magari yote pembeni, askari katikati ya barabara, na mume wangu ndani ya bajaji, kikopo kwapani, jaketi limefungwa hadi kidevuni, anasubiri msafara.

Alifika saa nne kasorobo. Kijana wa maabara alimuuliza zimetoka saa ngapi. Nilimwona akitaka kudanganya, akashindwa. "Saa mbili na robo."

"Siwezi kuzipima hizi, baba. Nitaandika zimelala, kumbe zimechoshwa na safari."

Mume wangu akaanza kueleza habari za ruhusa kazini, nauli, na mkubwa gani yule. Kijana akampigia daktari, akaweka sauti nje ili tusikie sote. "Wasilipe. Warudi wiki ijayo, na safari hii aje kulala mjini."

Tulitembea hadi Jamatini bila neno. Nilijua anakasirika kwa hatua zake, kwamba haningojei. Tukakaa kwa mama ntilie, tukaagiza chai na chapati. Alipomaliza ya pili akanyoosha mkono.

"Lete hilo daftari."

Akaomba na kalamu nyekundu. Akaikata ile 4 yangu, akaandika 9.

"Moja nimemkata kwa ajili ya lile benchi," akasema.