Kuketi na Watu Waliobomolewa Nyumba Mathare

Mto Mathare ulipofurika usiku mwezi wa Aprili 2024 na kuzoa nyumba za mabati zilizobanana ukingoni, mimi na wenzangu wa kikundi cha kanisa tulikwenda kama walivyokwenda wakazi wengine wengi wa Nairobi, tukiwa tumebeba uji, blanketi na maneno ya faraja. Siku za mwanzo hayo yalipokelewa vizuri. Mambo yaligeuka mwezi wa Mei, serikali ilipoamuru kila anayeishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame, na tingatinga zikaja kubomoa nyumba ambazo maji yalikuwa yameziacha zimesimama.

Tangu hapo nilianza kukutana na watu ambao faraja yetu iliwaudhi. Mzee mmoja, fundi wa viatu, alikuwa ameketi juu ya godoro lililolowa, ameegemea mlango wa mbao alioung'oa pamoja na bawaba zake kabla ukuta haujaangushwa. Nilipompa pole, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Dada, maji siyalaumu, maji hayana macho. Lakini yule kijana aliyekuwa kwenye usukani aliniona nikitoa vyombo."

Kwa mtu wa namna hiyo, kumwambia kwamba yote ni mipango ya Mungu ni kumtwika Mungu kazi ya tingatinga. Basi nilimjibu nilivyoamini: kwamba kuwaondoa watu kwenye njia ya maji kuna maana, kwa kuwa wapo waliokufa pale, lakini kuwabomolea katikati ya masika bila kuwaonyesha pa kulala ni kuwadhulumu. Hakunishukuru. Alisogea kidogo kwenye godoro ili nami nipate pa kukaa, na tukazungumza mpaka uji ukapoa.

Nikaanza kwenda na daftari. Kila aliyetaka kusema nilimwandikia maneno yake kama alivyoyatamka, matusi nikiyaruka, na vitu vyake kimoja kimoja: sufuria, cherehani, sare za shule, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kisha nilimsomea yote, naye akanisahihisha. Mama mmoja muuza mboga alinisimamisha mara kadhaa kwa sababu nilikuwa nimeandika "kibanda", ilhali yeye alikuwa na kibanda chenye kufuli na rafu tatu, na kodi ya mwezi huo alikuwa amekwisha kuilipa. Nilifuta nikaandika upya. Alikuwa ameongea kwa sauti ya juu asubuhi nzima, na ni wakati wa masahihisho hayo ndipo alipoanza kuzungumza taratibu, akakumbuka pia kwamba kitambulisho chake kilikwenda na maji. Siku iliyofuata tulifuatana hadi kituo cha polisi kuchukua hati ya kuthibitisha upotevu, maana bila kitambulisho angekwama kila mahali atakapoomba msaada.

Baadhi ya wenzangu walisema daftari hilo linachochea hasira, na kwamba kazi yetu ni kutuliza watu. Sikukubaliana nao, na hata leo sikubaliani. Hasira niliyoiona ilipanda zaidi mbele ya wageni waliokuja na kamera, wakakabidhi pakiti za unga, wakahimiza subira na kuondoka kabla ya mvua ya jioni.

Kazi ngumu zaidi ilikuja Rais alipoahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa. Orodha zilipoanza kuandikwa, majirani waliokuwa wamelala chini ya turubai moja walianza kutiliana shaka: nani alikuwa mpangaji, nani alijiandikisha mara mbili, nani amesahauliwa. Hapo sikuwa na upande wa kuchukua. Niliwaomba wale waliokuwa wakizozana wakae pamoja, nikawasomea kutoka kwenye daftari yale ambayo kila mmoja alikuwa amepoteza, kwa ruhusa yake mwenyewe. Yule fundi wa viatu, ambaye jina lake lilikuwa limeorodheshwa, aliposikia habari ya kibanda cha yule mama alisema, "Huyu namjua, mboga zake nimekula kwa mkopo," akajitolea kwenda naye kwa chifu kuwa shahidi wake. Walikwenda asubuhi yake, na nilibaki nikiulinda ule mlango wake usije ukageuzwa kuni.