Kutafuta Sufu, Nanyuki hadi Ol Kalou

Tulipovuka Thika nilikuwa tayari nimeshika sindano za kufumia. Dada yuko usukanini, mimi kando yake, kikapu cha nyuzi miguuni. Kazi ya garini naichagua mapema: soksi au kofia, kitu cha kuzunguka tu, mikono ifume huku macho yakitazama mashamba. Kazi ya matundu, ile ya kuhesabu kila kitanzi, hubaki nyumbani. Na napenda sindano zilizounganishwa kwa waya, kwa kuwa hazimgusi dereva kiwiko wala hazidondoki chini ya kiti gari likiruka tuta.

Karatina tulinunua ndizi, kisha nikaingia duka la nyuzi. Rafu zimejaa akriliki ya rangi za sweta za shule: maruni, buluu iliyokoza, kijani cha chupa. Ni uzi mzuri kwa mtoto, hufuliwa kila wiki na kuvumilia. Ila mimi nilikuwa natafuta uzi wa sweta ya baba, na baba anaishi Ol Kalou, mahali ambapo mtu huhitaji sufu halisi, inayohifadhi joto hata ikilowa kidogo.

Sufu hiyo iko Nanyuki. Kikundi cha akina mama cha Nanyuki Spinners and Weavers kilianza mwaka 1977 na bado kinasokota kwa mkono. Hapo ndipo nilipotamani siku iwe ndefu zaidi. Manyoya hufika yakiwa na nyasi na miiba ndani yake. Huchambuliwa, huoshwa, kisha huchanwa kwa brashi mbili zenye meno ya waya mpaka yawe mepesi. Mama mmoja alinikalisha kwenye gurudumu lake. Nikaanza kuvuta, naye akaniwekea mkono juu ya wangu.

"Usivute kwa nguvu, mwanangu. Acha gurudumu lisokote, wewe legeza tu."

"Sawa, mama."

Uzi ukatoka, mahali mnene, mahali mwembamba, una harufu ya mafuta ya kondoo. Nyuzi mbili husokotwa pamoja ndipo upate uzi imara wa kufumia. Rangi nazo hupikwa. Maganda ya vitunguu hutoa dhahabu iliyoiva, na shabu, yaani chumvi ya alum, husaidia rangi ishike isitoke maji ya kwanza. Sufuria mbili hazitoi rangi moja hata kama vipimo ni vilevile, kwa hiyo ukipenda rangi nunua uzi wa kazi nzima papo hapo. Sweta ya mwanaume kwa uzi mnene hivi hula karibu kilo moja. Nilichukua kilo na mabonge mawili ya ziada, rangi ya kondoo mwenyewe, kahawia yenye kijivu.

Bei iko juu ya akriliki, tena sana. Lakini nimeona mikono ambayo kila uzi hupitia kabla haujanifikia, na sikuomba nipunguziwe hata shilingi.

Nyahururu tulitazama maporomoko ya Thomson, mita 74 za maji na manyunyu, tukanywa chai, tukaondoka. Kona za kuteremka Subukia si za kufuma. Niliweka sindano kikapuni nikafurahia bonde.

Njoro nilitaka kufika kwa sababu ya kondoo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alijaribu kufuga wa kigeni hapa na wengi wakafa, kwa kuwa malisho yalikosa madini waliyohitaji. Leo ufugaji umestawi huko juu, Molo na Mau Narok, na hapa Njoro akina mama wa Kenana Knitters wamekuwa wakifuma tangu 1998. Dada alipenda midoli yao ya wanyama. Mimi niliigeuza nitazame mishono ya ndani: imebana, hakuna uzi unaoning'inia. Hiyo ndiyo kazi ya kujivunia.

Tukarudi kupitia Gilgil hadi Ol Kalou. Baba alilishika bonge, akalinusa, akasimama wima nimpime mabega.

"Shingo iwe ndefu, mwanangu. Upepo wa hapa unaujua. Na mifuko miwili."

Nikapiga hesabu upya. Kwa yale mabonge mawili ya ziada, mifuko inatosha.